Rangi za mafuta nje juani: mbona mandhari yangu yametoka kama shamba la sukuma wiki?

FundiMabango (Umoja)

Wakuu, salamu. Mimi ni mwandishi wa mabango. Miaka kumi na minne sasa: kinyozi, bucha, hoteli, ukuta wa duka la simu, na zamani hata matatu kabla stika hazijatunyang'anya ugali. Rangi ninayoijua ni glosi ya mkebe. Naizimua kwa petroli, napiga herufi, kufikia jioni imeshika, nalipwa, narudi nyumbani.

Desemba mteja mmoja alikwama na deni langu, akanipa badala yake sanduku la rangi za mafuta, zile za wasanii, za tyubu. Lilikuwa la mjombake marehemu. Tyubu kumi na mbili, tatu zimekuwa mawe. Nikasema basi, wacha nami nichore mandhari. Nikatazama video usiku tatu mfululizo: wazungu wamesimama kondeni wakati wa kiangazi chao, kofia pana, stendi ya miguu mitatu, wanapaka bila haraka yoyote hadi jioni. Nikaona hii ni rahisi kuliko kuandika "Nyama Choma" juu ya bati lenye migongo.

Jumamosi moja ya Januari nikapanda 111 pale Railways hadi Ngong, nikakwea kilima mpaka mahali unaona Bonde la Ufa upande huu na jiji upande ule. Nilianza saa tano, nikamaliza saa nane. Sasa sikieni yaliyonipata.

Kijani. Nilikuwa na tyubu moja ya kijani, nikaitumia kwa miti, nyasi, vichaka, kila kitu. Mke wangu alipoiona picha akauliza, "Hilo shamba la sukuma ni la nani?"

Vivuli. Nilianza na mti, nikahamia vilima, niliporudi kwenye mti kivuli chake kilikuwa kimehama. Nikakifuta nikakichora upya. Kikahama tena. Mwishowe mti wangu una vivuli vitatu kama una taa za uwanja wa mpira.

Giza. Kule kilimani picha iling'aa vizuri tu. Nilipoiweka sebuleni ikawa kama imechorwa magharibi, saa moja kasoro.

Kukauka ndiyo haikauki. Leo ni wiki ya nne. Juu imefanya ngozi yenye makunyanzi, ukibonyeza kidole chini ni uji. Nilichorea hadibodi ya futi mbili kwa tatu, iliyobaki kazini, ilikuwa imeshapakwa glosi nyeupe. Rangi niliilainisha kwa mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, ya hadware, maana ndiyo niliyoyapata.

Na la mwisho, aibu. Kwenye matatu ya kurudi nilibana ubao kati ya magoti. Mama mmoja akaketi kando yangu na kitenge cha harusi. Hayo mengine mnaweza kuyamalizia wenyewe. Nililipa dobi.

Je, hii kazi ya mafuta nje inawezekana kweli kwa jua la hapa kwetu, ama niuze hizo tyubu tisa nirudi kwa vinyozi wangu?

Brashi_Kavu

Uza, nunua akriliki. Inakauka ukiwa bado unaitazama, brashi unaosha kwa maji, kwenye matatu hakuna kesi. Mafuta ni ya watu wenye studio na subira. Mimi Buru Buru hii, chumba kimoja na watoto wawili, siwezi kuishi na harufu ya tapentaini.

MwalimuMstaafu (Kinoo)

Brashi_Kavu, kwa chumba kimoja na watoto nakuunga mkono. Lakini huko nje kwenye jua kali la Februari akriliki inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye turubai, kile kitambaa cha kuchorea, na kuoanisha anga la juu na anga la chini inakuwa vita. Mafuta yanakungoja. Hilo ndilo jambo moja linalokungoja ukiwa nje, maana jua halikungoji.

Fundi, nimefundisha uchoraji miaka mingi na sasa nachora nje karibu kila wiki mvua isiponizuia. Umeuliza mambo matano, lakini naona karibu yote yanatoka kwenye saa uliyofika kilimani.

Hao wa kwenye video wako kaskazini. Paris mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, tena linashuka kwa mshazari, taratibu, kama mzee anayeteremka ngazi. Wana saa kadhaa za vivuli virefu. Mtu anaweza kula chakula cha jioni, akaoga, akatoka na kukuta mwanga bado upo. Sisi tuko digrii moja na kitu kusini ya ikweta. Jua letu linapanda wima na kushuka wima. Linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa tatu na nusu limeshapita nusu ya safari yake ya kwenda juu. Januari linapita upande wa kusini kidogo. Katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, saa sita na nusu mchana linakaa juu ya utosi wako kabisa, na mgunga unabaki na kidoa cheusi chini yake kama sufuria iliyofunikwa. Saa hizo vilima havina mgongo wala mbavu. Hata ungekuwa na rangi za mfalme, ungechora blanketi la kijani lililotandazwa.

Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ikifika saa moja kasoro robo nimesimama, stendi imetulia, rangi zimepangwa. Saa tatu nafunga. Sichori baada ya hapo hata kama sijamaliza. Nakunywa chai ya kwenye chupa, nazungumza na wapita njia, narudi. Nikipenda nakwenda tena saa kumi na nusu jioni, lakini kwa ubao mwingine. Mwanga wa asubuhi na wa jioni usiuchanganye kwenye picha moja, utapata ule mti wako wa taa za uwanjani. Monet, yule mchoraji Mfaransa, alipochora marundo ya nafaka pale Giverny mwaka 1890 na 1891 alikuwa na turubai kadhaa kando yake, mwanga ukibadilika anaweka hii chini na kuchukua ile, na marundo hayo yalimpa picha kama ishirini na tano. Wewe hitaji mbili tu, nauli ni ileile.

Na ziwe ndogo! Futi mbili kwa tatu ni ubao wa bucha. Anza na sentimita 20 kwa 25. Ukubwa huo unaujaza kwa saa moja na nusu bila kukimbizana na mtu.

Dakika kumi za mwanzo sichori mti wala kilima. Nachukua kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini hadi iwe kama chai ya rangi, nafinya macho, naweka vivuli peke yake, vyote, kama madoa tu. Baadaye jua likihama, na litahama, mimi nabaki na vile nilivyoviandika saa moja na robo. Wanafunzi wangu hili liliwatesa kuliko kitu kingine chochote. Wanaona kivuli kimesogea, mkono unawasha, wanarekebisha. Usirekebishe. Kivuli cha saa moja na robo ndicho picha yako, kinachoendelea baada ya hapo ni habari ya jua.

Giza la sebuleni: ubao wako ulipigwa na jua moja kwa moja. Rangi iliyo juani inaonekana nyeupe kuliko ilivyo, kwa hiyo mkono wako ukawa unaongeza giza kusawazisha. Ukaileta ndani, jua likabaki Ngong, giza likaja nawe. Geuza stendi ili uso wa ubao uwe kivulini, au uwekee mwavuli juu yake. Mwavuli uwe mweusi au wa kijivu. Nilishawahi kutumia mwavuli mwekundu wa matangazo niliopewa bure, nikashangaa kwa nini mawingu ya Kinoo yana homa. Shati pia, vaa la rangi iliyokolea. Shati jeupe linarusha mwanga kwenye rangi mbichi huoni kitu. Na miwani ya jua iache mfukoni.

Sasa kijani. Hiyo tyubu iache nyumbani mwezi mmoja, kama adhabu. Changanya njano na nyeusi uone kinachotoka: kijani cha zeituni, cha majani ya mti yaliyokomaa, hakipigi kelele. Changanya buluu ya altramarini na njano ya udongo, upate kile kijani cha vumbi cha ua wa barabarani. Mkaratusi una ubuluu na ukijivu ndani yake. Majani ya nepia yana unjano. Majani ya chai kule Limuru asubuhi yanang'aa hadi unadhani yamepakwa nta, hapo ndipo utachukua njano kali kidogo. Kijani kikizidi kupiga kelele, kitie chembe ya nyekundu kitanyamaza. Halafu tazama vizuri: Januari ile huko Ngong nyasi zilikuwa kijani kweli? Nadhani zilikuwa rangi ya mkeka uliochakaa, na wewe ulichora kijani kwa sababu akili ilikuambia nyasi ni kijani.

Mambo ya kukauka nitarudi, mjukuu anataka simu yake.

MwalimuMstaafu (Kinoo)

Narudi. Glosi yako hukauka kwa sababu kimiminiko ulichozimulia kinaruka hewani na dawa iliyomo ndani inaharakisha mambo. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya linsidi yanashika oksijeni ya hewa, taratibu, hadi yanakuwa ngozi ngumu. Ukimimina mafuta mengi, na hasa hayo yaliyochemshwa ambayo yametiwa dawa za kuharakisha, juu inafunga kwanza na chini inakosa hewa. Ndiyo maana picha yako ina ngozi kama ya maziwa yaliyopoa. Tena hayo ya hadware yanageuka njano na kuiva weusi kadiri miaka inavyokwenda. Yafaa kwa mlango.

Sheria ni konda chini, nono juu, yaani mafuta machache chini, mengi juu. Tabaka la kwanza lizimue kwa tapentaini kidogo. Yanayofuata tumia rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu, na ukitaka mafuta weka ya wasanii, tone mbili tatu. Petroli usithubutu. Rangi za udongo, hasa amba ile ya kahawia, hukauka haraka. Nyeupe ya titaniamu inachelewa. Kwa hiyo anga lako, ambalo ni nyeupe tupu, litakuwa la mwisho kukauka.

Na ule ubao wenye glosi: rangi haina pa kujishikiza, ni kama kupaka siagi kwenye kioo. Chukua hadibodi mpya, ikwaruze kwa msasa. Nenda Biashara Street ununue amerikani, ile nzito isiyopaushwa, igandishe juu ya ubao kwa gundi, kisha jeso, ile rangi nyeupe ya kutayarishia ubao, mikono miwili. Kwa mazoezi mimi nimewahi kutumia rangi ya maji ya ukuta badala ya jeso na sikufa, ila picha ya kuuza usiifanyie hivyo. Juu ya jeso pitisha kahawia-nyekundu nyepesi, iache ikauke. Udongo wetu huku ni mwekundu, kwa hiyo ukiacha nafasi kati ya majani, ardhi inajitokeza yenyewe bila kuichora.

Jambo moja la kukutia moyo. Wewe miaka kumi na minne umefanya kazi ya kitu kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Rudi nyuma hatua sita uitazame picha yako kama unavyotazama bango. Hilo wanafunzi wangu walilijua wakiwa mwaka wa tatu.

BatiKamukunji

Mimi sichori, nafua bati. Lakini mke wa ndugu yangu ni msanii, na kisanduku chake cha kubebea picha mbichi nilimtengenezea mimi, kwa hiyo Fundi habari ya kitenge imenigusa.

Lile sanduku la bati la wanafunzi wa bweni unalijua? Tengenezewa dogo kama hilo, la mkononi. Ndani ukutani fundi akuchomelee reli ndogo, mbao zako zinaingia kama droo, uso kwa uso bila kugusana, nafasi ya kidole kati yake. Mfuniko ukiufungua na kuuegemeza kwa waya unageuka stendi. Chini weka kipande cha plaiwudi cha kuchanganyia rangi. Lake lina miaka saba sasa na limeshaanguka kutoka kwenye keria. Kama hutaki gharama, chukua mbao mbili zilizo sawa, weka vizibo vya chupa kwenye pembe nne, funga kwa mpira wa baiskeli.

Halafu wewe mtu wa petroli: vitambaa vyenye mafuta ya linsidi usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Vinajipasha moto vyenyewe hadi vinawaka, hakuna haja ya kiberiti. Vianike vimoja vimoja au vitumbukize kwenye mkebe wa maji. Jirani yetu kwenye vibanda aliyekuwa anang'arisha meza alipoteza stoo nzima hivyo, na watu wakasema ni uchawi.

Brashi_Kavu

Sawa, nimesoma yote na bado nabaki na akriliki yangu. Lakini swali: usalama je? Mimi nikitoa hata penseli mahali, askari anakuja. "Una barua?"

MwalimuMstaafu (Kinoo)

Ngong nenda na wenzako, usiende peke yako, na funga mfuko wa mawe chini ya stendi. Upepo wa pale si mchezo, ndiyo maana wakaweka ile mitambo ya umeme. Karura na Arboretum unalipa langoni na unakaa kwa amani. Arboretum ndipo pa kuanzia, kuna miti ya kila aina kwa sababu ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kuni za garimoshi. Utapata maumbo ishirini ya mti bila kutembea mita mia tatu. Ila tumbili! Mmoja alifuata ndizi yangu, akakanyaga ubao wa rangi, akakanyaga picha, akapanda mti na ndizi. Ile nyayo iko hadi leo kwenye wingu la kulia. Aliyenunua aliipenda kwa ajili hiyo.

Askari mimi namsalimu kwanza, kabla hajanisalimu, na namuuliza ni saa ngapi jua linafika kwenye ule mti pale. Wao wanajua, wako hapo kila asubuhi. Tangu nianze kuwauliza hivyo, barua imesahaulika.

FundiMabango (Umoja)

Wakuu, ni wiki tatu baadaye. Mwalimu, asante sana, nimefanya nilivyoambiwa, karibu yote.

Nilikwenda kwa shemeji yangu huku Kikuyu, ana shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini nilikuwa tayari. Ubao mdogo, amerikani, kahawia-nyekundu chini. Niliweka vivuli kwanza na mkono uliwasha kweli! Saa mbili kasoro kile kivuli cha mgrevilea kilikuwa kimefupika nusu nzima na mimi nimeuma meno nimekiacha. Mabua niliyapata kwa njano ya udongo na nyeupe, na nyuma yake vilima vikatoka buluu ya kijivu bila hata kuvifikiria. Kijani nilitumia mahali pamoja tu, ua wa mnyanya mwitu. Njano na nyeusi. Sikuamini.

Mahali nilipoharibu: anga. Nililisawazisha sana, nimezoea ukuta. Limekuwa kama ukuta wa duka uliopakwa jana. Na mti umekuwa na kingo kali kila upande, ni ile tabia ya herufi. Shemeji amesema, "Huo mti umeandikwa, haujachorwa." Maneno hayo yameniuma kuliko ya mke wangu.

Sanduku la bati nimeagiza Kamukunji. Kwenye matatu nilifunga mbao mbili kwa vizibo na mpira, nikakaa karibu na mzee mwenye suti nyeupe hadi Railways bila kesi.

Ila swali: trekta lilipita barabarani na vumbi jekundu limekaa kwenye anga, pamoja na mbu mmoja. Nimejaribu kumtoa na kijiti, amebaki mguu. Nifanyeje?

MwalimuMstaafu (Kinoo)

Usiguse! Ngoja ikauke, wiki mbili au tatu, kisha pangusa vumbi kwa brashi laini kavu. Ukipangusa sasa unalipaka, na anga litakuwa tope. Mguu wa mbu uache. Pale Kansas City, Marekani, kuna picha ya mizeituni aliyoichora Van Gogh mwaka 1889, na mwaka 2017 wataalamu walitangaza wamekuta panzi ndani ya rangi, amekaa humo miaka mia na zaidi hakuna aliyemwona.

Kingo za mti: ukimaliza mti, chukua brashi safi kavu, pitisha mara moja upande wa mwanga, upande wa kivuli uache. Mara moja tu, Fundi, usipige pasi.

Jumapili ijayo niko Arboretum saa moja kasoro, karibu na ile miti mikubwa ya mianzi. Ndizi usilete.